Kitufe kilichoondolewa: uchambuzi wa kisa cha Windows 8

Tarehe 26 Oktoba 2012 kampuni ya Microsoft iliingiza sokoni Windows 8, toleo jipya la mfumo wake wa kuendeshea kompyuta, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti 1995 mtu aliyefungua toleo jipya la mfumo huo hakukiona kitufe cha Start kwenye kona ya chini kushoto. Kitufe hicho kilikuwa kimekaa pale kwa miaka 17. Katika muda huo kilibadilishwa rangi na umbo, na menyu yake ikapanuliwa, ikapangwa upya na kuongezewa sehemu ya kutafutia, lakini mahali pake hapakuguswa tangu Windows 95 hadi Windows 7. Haukupita mwaka mzima kabla ya kampuni kukirudisha: Windows 8.1 ilitoka tarehe 17 Oktoba 2013 ikiwa nacho, na mwaka 2015 Windows 10 ikarudisha na menyu yenyewe.

Wapo walioyaeleza malalamiko ya watumiaji kwa sentensi moja, kwamba watu hawapendi mabadiliko. Maelezo hayo humfariji mbunifu kwa sababu yanahamishia kosa lote kwa mtumiaji, lakini hayalingani na yaliyotokea. Watumiaji wa Windows 8 walipokea mabadiliko mengi, baadhi yake makubwa kabisa, na wakayasifu. Walichokikataa kilikuwa mahususi zaidi: kunyang'anywa ujuzi ambao mikono yao ilikuwa nao tayari, bila kuachiwa njia ya kubaki nao, na kwa ajili ya faida ambayo kwa sehemu kubwa haikuwa yao.

Sababu za kampuni

Uamuzi huo haukufanywa kwa pupa. Apple ilikuwa imetoa iPad mwaka 2010, na haikuchukua muda kuonekana kwamba shughuli nyingi nyepesi, kama kusoma barua pepe, kutazama picha na kuperuzi intaneti, zingehamia kwenye kompyuta kibao. Microsoft haikuwa na mfumo uliofaa kidole. Windows 7 ilikubali mguso, lakini menyu na vitufe vyake vilikuwa vimepimwa kwa ncha ya kipanya, na kidole kilikuwa kinene mno kwa vitu hivyo. Kitengo cha Windows, kilichoongozwa wakati huo na Steven Sinofsky, kikaamua kwamba mfumo mmoja wenye sura moja utatumika kwenye kompyuta ya mezani, kompyuta ya mapajani na kompyuta kibao. Menyu ya Start ikageuzwa kuwa skrini nzima ya vigae vikubwa vya rangi, programu za aina mpya zikawa zinajaza skrini yote, na eneokazi, yaani skrini ya kawaida yenye madirisha na aikoni ambayo watu waliifanyia kazi siku nzima, likawa kigae kimoja miongoni mwa vingine.

Kampuni ilikuwa pia na takwimu. Kompyuta za watumiaji waliokubali kushiriki zilituma taarifa za vitu vinavyobofywa, na mwaka 2011, ilipokuwa ikieleza hadharani jinsi toleo jipya linavyojengwa, Microsoft ilisema kwamba matumizi ya menyu ya Start yalikuwa yakipungua, kwa kuwa watumiaji wa Windows 7 walibandika programu zao za kila siku kwenye upau wa kazi, yaani ukanda wa chini ya skrini, na kuzifungulia hapo hapo. Sina sababu ya kuzitilia shaka takwimu hizo. Ninachokipinga ni maana iliyotolewa kutokana nazo, kwa sababu kitu kinachobofywa mara chache hakiwi kisichohitajika kwa sababu hiyo tu. Programu ya kila siku kweli iko kwenye upau. Lakini ile ya mara moja kwa mwezi, mipangilio ya printa, njia ya kuzima kompyuta, na zaidi ya yote mahali pa kuanzia upya pale mtu anapopotea, vyote vilikuwa nyuma ya kitufe kile kimoja. Hesabu ya mibofyo inaonyesha kitu kimetumika mara ngapi; haionyeshi kilitumika katika saa gani ya dhiki, wala haionyeshi mtumiaji angefanya nini kama kisingekuwepo. Tena inawapendelea watumiaji stadi, ambao wameshajipangia njia zao za mkato, na kumfunika yule ambaye kila safari yake huanzia mahali pamoja.

Mantiki ya kampuni kuhusu vifaa vipya naikubali kwa kiasi chake. Mfumo ulihitaji sura inayofaa kidole. Hata hivyo mamilioni ya watu waliokaa mbele ya skrini isiyo ya mguso, wenye kipanya na kibodi, hawakuwa na tatizo ambalo vigae vingelitatua. Waliletewa dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine, nao ndio walioambiwa wazoee.

Kona isiyo na alama

Jambo ambalo wengi hawakuligundua ni kwamba kona ya chini kushoto bado ilifanya kazi. Aliyesukuma kipanya hadi ncha kabisa ya kona alitokewa na kijipicha cha skrini ya Start, na akibofya alifikishwa huko, kwa mwendo uleule wa mkono aliouzoea tangu zamani. Kwa hiyo kazi ya kitufe haikuwa imeondolewa. Kilichoondolewa ni alama yake, na bila alama mtu hakuwa na namna ya kujua kwamba kuna kitu pale cha kubofya.

Mpango huu una maana kwenye kompyuta kibao, ambako kidole kinaanzia nje ya kioo, kinauhisi ukingo, kisha kinaingia ndani. Kipanya hakihisi ukingo. Na pale mtu anapotumia skrini mbili, kona ya ndani haiko mwisho wa kitu chochote: kielekezi kinapita moja kwa moja hadi skrini ya pili, na kile kilichopaswa kukisimamisha hakipo. Microsoft ililiona hilo na kuweka mtego mdogo wa kukinasa kielekezi kwenye makutano ya skrini. Ilikuwa ni kukiri kwamba mahali penyewe hapakufaa.

Tuchukue kazi ndogo ya kuzima kompyuta. Katika Windows 7 mtu alibofya Start, menyu ikafunguka, naye akabofya neno la kuzima lililokuwa mbele ya macho yake. Katika Windows 8 alipaswa kupeleka kielekezi kwenye kona ya kulia, ya juu au ya chini, na kusubiri hadi ukanda wenye aikoni tano ujitokeze kwa weupe hafifu. Kisha asogeze kielekezi wimawima kando ya ukingo bila kuuacha, kwa kuwa akitoka nje ya njia ukanda unatoweka. Abofye aikoni ya mipangilio. Abofye alama ya umeme. Ndipo achague kuzima. Hakuna hatua iliyo ngumu kwa aliyefundishwa. Tatizo ni kwamba hakuna hata moja inayoonekana kwa ambaye hakufundishwa, na hakuna mtu anayefikiria kutafuta njia ya kuzima ndani ya mipangilio. Watu wenye uzoefu wa miaka mingi walijikuta wakishikilia kitufe cha umeme kwenye kasha la kompyuta hadi izimike, jambo ambalo wao wenyewe walikuwa wakiwakataza wengine kulifanya.

Utafutaji nao ulivunjwa vipande. Mtu aliyekuwa kwenye skrini ya Start na kuanza kuandika aliletewa programu peke yake. Akiandika neno la kutafuta masasisho ya mfumo, aliambiwa kwamba hakuna programu inayolingana, huku pembeni kulia, karibu na kundi la mipangilio, tarakimu ndogo ikionyesha kwamba majibu yapo. Alipaswa kubofya kundi hilo ili ayaone. Windows 7 ilikuwa ikiyaweka majibu yote, ya programu, mipangilio na mafaili, katika orodha moja. Sioni faida yoyote ambayo mtumiaji aliipata kwa kutenganishiwa majibu hayo, na Microsoft yenyewe iliyaunganisha tena katika Windows 8.1.

Halafu kulikuwa na kutupwa huku na huko. Mfanyakazi aliyekuwa kwenye eneokazi na madirisha yake matatu, akibofya mara mbili faili la PDF au picha, alipelekwa kwenye programu mpya iliyofunika skrini nzima, bila upau wa kazi, bila saa, na bila alama ya kufungia aliyoizoea upande wa juu kulia. Ili aondoke alipaswa kushika ukingo wa juu kwa kipanya na kuuburuta hadi chini. Kulikuwa na Internet Explorer mbili, moja ya kila ulimwengu, na sehemu mbili za mipangilio, zenye mambo ambayo mengine yalikuwa huku na mengine kule. Katika mazingira kama hayo mtu hapotezi dakika tu. Anapoteza imani kwamba anajua alipo, na kwa anayelipwa kwa kazi yake, kutojua alipo mbele ya wenzake au wateja ni fedheha.

Mfano unaonionyesha wazi kuliko yote jinsi uamuzi huu ulivyojitenga na mazingira ya kazi ni Windows Server 2012, toleo la seva, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine, lililotoka Septemba mwaka huo ikiwa na skrini ileile ya vigae na kona zilezile zilizofichwa. Seva haina skrini ya mguso, na mara nyingi haina skrini kabisa. Msimamizi wake huiingia kutoka mbali, na seva yote huonekana ndani ya dirisha kwenye kompyuta yake. Katika hali hiyo kona ya seva iko katikati ya skrini ya msimamizi, haina kitu cha kuzuia kielekezi, na inabidi ailenge kwa uangalifu mkubwa ili aipate. Sura iliyobuniwa kwa mtu anayetazama picha kochini iliwekwa mbele ya mtu anayetunza hifadhidata, kwa sababu tu kanuni ilikuwa kwamba sura iwe moja.

Mabadiliko yaliyopokelewa vizuri

Toleo hilohilo lilibadilisha kabisa dirisha la Task Manager, linaloonyesha programu zinazoendeshwa na kompyuta na kuzifunga, ambalo wasimamizi wa kompyuta wanalifahamu kama vidole vyao. Mpangilio ulikuwa mpya, rangi zilionyesha ni programu gani inayolemea kichakataji au kumbukumbu, na programu zinazojiwasha zenyewe zikaletwa humo. Dirisha la kunakili mafaili nalo lilipewa grafu ya kasi na kitufe cha kusimamisha kwa muda. Kompyuta iliwaka haraka zaidi. Mambo hayo yalisifiwa hata na watu walioiponda skrini ya vigae bila huruma, na sababu zake zinaonekana. Njia ya kufikia Task Manager kwa kibodi ilibaki ileile, taarifa za zamani zote zilikuwepo kwa aliyezitaka, na kile kilichoongezwa kiliisaidia kazi ambayo mtu alikuwa akiifanya tayari. Aliyefungua dirisha hilo kwa mara ya kwanza alishangaa kidogo, akasoma, akaendelea.

Microsoft ilikuwa na somo jingine ndani ya nyumba yake yenyewe. Office 2007 iliondoa menyu za Word na Excel na kuweka utepe wa vitufe juu ya ukurasa, badiliko lililoumiza wengi. Mtu aliyejua kila amri ilipo alijikuta akitafuta amri ya kuchapisha. Hasira ilikuwa ya kweli na kwa baadhi ya watu haijaisha. Hata hivyo waliobuni utepe walitunza kitu muhimu: mpangilio wa herufi za kibodi wa menyu za zamani uliendelea kufanya kazi. Mhasibu aliyekuwa akibonyeza Alt, kisha E, kisha S, kisha V ili abandike thamani bila fomula aliendelea kubonyeza hivyo hivyo, japo menyu yenyewe haikuwepo tena, na programu ilimwonyesha kisanduku kidogo cha kumjulisha kwamba inaitambua amri yake ya zamani. Huko ni kumheshimu mtu. Tena utepe, pamoja na kasoro zake, uliviweka vitu vingi zaidi mbele ya macho, wakati Windows 8 iliviondoa.

Hata katika suala la menyu ya Start kulikuwa na mfano wa kufuata. Windows XP ya mwaka 2001 ilileta menyu mpya yenye safu mbili, na aliyeipendelea ya zamani aliirudisha kwa kuchagua sehemu moja kwenye mipangilio. Zaidi ya hayo, toleo la majaribio la Windows 8 lililotolewa kwa waundaji wa programu Septemba 2011 bado lilikuwa na menyu ya zamani ndani yake, na aliyebadilisha thamani moja katika sajili ya mfumo, yaani hifadhi ya ndani ya mipangilio yake, aliipata. Katika toleo la majaribio la Februari 2012 njia hiyo ilikuwa imefungwa. Jambo hili ndilo linaloniuma zaidi katika kisa chote. Kumwachia mtumiaji uchaguzi hakukuhitaji uvumbuzi wowote. Kulikuwepo, kukaondolewa kwa makusudi, kwa imani kwamba watu wasipolazimishwa hawatajifunza.

Majibu ya watumiaji na kurudi nyuma kwa kampuni

Watu walijitafutia wokovu wao wenyewe. Programu ya bure iitwayo Classic Shell, ya kurudisha menyu ya Start ya zamani, iliyokuwepo tangu mwaka 2009, ikawa kitu cha kwanza ambacho wengi walikisakinisha kwenye kompyuta mpya, na kampuni ya Stardock ikauza programu yake ya Start8 kwa dola 4.99. Mtu anapolipa fedha ili arudishiwe alichokuwa nacho bure jana, ameshatoa hukumu yake.

Novemba 2012 Jakob Nielsen, mtaalamu wa siku nyingi wa urahisi wa matumizi ya programu, aliwajaribisha watu 12 wenye uzoefu wa kompyuta, kwenye kompyuta za kawaida na kwenye kibao cha Surface RT. Hukumu yake ilikuwa kali: mazingira mawili ndani ya kifaa kimoja yanachosha akili, vitu vilivyofichwa havikumbukwi, na skrini kubwa inaonyesha taarifa chache mno. Aliona kwamba mfumo huo ulimwangusha mgeni na stadi pia, jambo ambalo ni nadra, kwa sababu kwa kawaida mbunifu humtoa mmoja kafara ili amfae mwingine.

Mwezi huohuo Sinofsky aliondoka katika kampuni, na uhandisi wa Windows ukakabidhiwa Julie Larson-Green, aliyekuwa ameongoza ubunifu wa utepe wa Office 2007. Mei 2013 kampuni ilitangaza kwamba leseni milioni 100 za Windows 8 zimeuzwa, na wakati huohuo ikakubali kwamba baadhi ya mambo ya msingi yangerekebishwa. Idadi hiyo si ndogo, lakini leseni inayokuja ndani ya kompyuta mpya haituambii kama aliyeinunua aliridhika.

Windows 8.1 ilirudisha kitufe, na hapo kampuni ikaonyesha kwamba ilikuwa imesikia maneno bila kusikia maana. Kitufe kilirudi, lakini kilipobofywa kilimpeleka mtu kwenye skrini ileile ya vigae. Watu walikuwa wanataka wafungue programu bila kuondolewa kwenye kazi yao, kwa hiyo alama bila menyu iliwarudishia nusu tu ya walichopoteza. Marekebisho mengine ya toleo hilo yalikuwa na busara zaidi: mtu aliweza kuchagua kuanzia kwenye eneokazi, aliweza kuweka picha ileile nyuma ya eneokazi na nyuma ya vigae ili asishtuliwe na kuhama, na akibofya kitufe kwa upande wa kulia wa kipanya alipata orodha fupi yenye kuzima kompyuta. Sasisho la Aprili 2014 likaongeza alama ya umeme iliyo wazi kwenye skrini ya Start na alama ya kufungia kwenye programu mpya. Ukiyatazama mabadiliko hayo kwa pamoja, karibu yote ni ya aina moja: kitu kilichofichwa kinaonyeshwa tena.

Windows 10, iliyotolewa tarehe 29 Julai 2015, ilikuja na menyu ya Start yenye orodha ya programu upande mmoja na vigae upande mwingine, na programu za aina mpya zikawekwa ndani ya madirisha ya kawaida. Mfumo uliweza pia kuitambua kompyuta kibao na kubadili sura kwa ajili yake. Hivyo ndivyo kampuni ilivyopata ilichokitaka tangu mwanzo, yaani mfumo mmoja kwa vifaa vingi, kwa kuacha kulazimisha sura moja.

Hilo halikuzuia jambo la namna hiyo kujirudia kwa udogo. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ilihamishia kitufe cha Start katikati, lakini safari hii ikaacha mpangilio wa kukirudisha kushoto, na kelele juu ya hilo zikapoa mapema. Kilichoendelea kulalamikiwa ni vile vilivyoondolewa bila mbadala: upau wa kazi haukuweza tena kuhamishiwa pembeni au juu, na madirisha ya programu moja yalirundikwa kwenye aikoni moja bila namna ya kuyatenganisha. Uwezo wa kuyatenganisha ulirudishwa mwaka 2023.

Kuhusu Windows 8 yenyewe, tarehe za huduma zinaeleza ilivyoishia. Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 12 Januari 2016, na aliyetaka kuendelea kupata masasisho alipaswa awe amehamia 8.1 au toleo jipya zaidi. Windows 7, iliyoitangulia kwa miaka mitatu na iliyokuwa na menyu ambayo takwimu zilisema inapungukiwa na watumiaji, iliendelea kuhudumiwa hadi tarehe 14 Januari 2020, na siku hiyo ilipofika bado kulikuwa na watu wengi sana waliokuwa wakiitumia kila siku.